Kijito Kilichosuguliwa

Utete, 14 Juni 2025

Shikamoo Shangazi Mwanamize,

Hujambo, na mguu unaendeleaje? Mimi mzima, nakula vizuri. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu ya jirani yako Mwanaheri, anaweka sauti juu na mtaa mzima unanisikia.

Asante kwa kunilaza wiki iliyopita. Wale wadudu niliowahesabu peke yangu kwenye kijito chetu walifika sitini na mmoja, nimewaandika kwenye daftari. Bwana Tahiri, mkubwa wa kikundi chetu cha kupima maji, atakuja nami tarehe 28 kuhakikisha. Tunatazama wadudu ndipo tujue maji yana hali gani. Waambie kina mama wasishtuke.

Mwanao, Amal

Nyamwage, 19 Juni

Mwanangu Amal,

Marahaba. Mguu unauma asubuhi tu, jua likipanda nausahau. Barua nimeipokea kwa Abdalah wa bodaboda, ameikunja kama sambusa.

Usiwe na hofu. Mkubwa wako aje. Nimewaita wenzangu, tumejipanga. Hutaaibika, si kwenye kijito nilimokuogesha.

Shangazi yako

Utete, 30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mmeamka salama. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho sikielewi.

Uliona mwenyewe. Tulichota kwa wavu mara tano, tukamwaga kwenye sinia jeupe, hata mdudu mmoja hakuna! Maji yanang'aa, changarawe zinaonekana, lakini hamna kitu. Na sinia lilipotoka tupu, mbona mlipiga vigelegele?

Bwana Tahiri aliniuliza mbele ya wenzangu, "Binti, wale sitini na mmoja uliwahesabu au uliwaota?" Wakacheka.

Anasema maji yasiyo na kiumbe ndiyo ya kuogopwa, huenda yana sumu. Tarehe 15 ikifika sijamweleza, atafuta daftari langu lote na mimi nirudi nyumbani. Shangazi, kuna mtu ameosha bomba la dawa ya mikorosho pale juu? Au nilihesabu vibaya? Sasa najishuku hata mwenyewe.

Mwanao, Amal

Nyamwage, 5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari ya mguu.

Hakuna sumu. Ni sisi. Siku tatu tulichuja kijito kwa chandarua kuukuu, tukasugua mawe kwa majivu kama masufuria, majani yote tukatupa. Si ulisema mkubwa anakuja kutazama wadudu? Bwana afya akija huku anafunua mitungi, akikuta viluwiluwi vya mbu anatufokea mpaka majirani watoke. Nikajua ni yale yale. Dudu ndani ya maji limekuwa sifa tangu lini? Mimi sielewi, na Mwanaheri haelewi.

Usimwambie mkubwa wako. Mimi ndiye niliyewatoa wenzangu shambani, mpunga ukiwa umeiva. Wakijua tulijiharibia wenyewe, nitaitwa Bi Majivu mpaka kaburini.

Shangazi yako

Utete, 9 Julai

Shikamoo Shangazi,

Poleni na mavuno.

Kosa ni langu. Nilieleza nusu, niliona haya kujifanya najua kuliko wewe. Wale wadogo wenye mikia mitatu hawawezi kuishi kwenye maji machafu. Ukiwakuta, maji ni mazima. Walikuwa mashahidi wetu, nasi tumewatupa.

Sitakusema. Lakini kusema uongo nako siwezi. Tarehe 15 nitasimama pale, na sijui kitakachonitoka mdomoni.

Amal wako

Nyamwage, 13 Julai

Mwanangu,

Hatujambo, na kijito nacho nimekijulia hali asubuhi.

Barua hii mpe Bwana Tahiri. Asiisome peke yake, aisome mbele ya wale waliocheka. Bwana Tahiri, asalaam aleikum. Mimi, Mwanamize, ndiye niliyesugua kijito. Mtoto hakuota.

Wenzangu nimeshawaambia. Walicheka mpaka Mwanaheri akakaa chini. Sasa hata Abdalah akipita anapiga honi, "Bi Majivu, shikamoo!"

Amal, leo nimeinua jiwe. Chini yake alikuwepo mmoja, mikia mitatu, mdogo kama punje ya mchele. Nilimtazama mpaka mguu ukafa ganzi, nikamrudishia jiwe lake taratibu. Sijui kama shahidi mmoja anatosha.

Mwandike daftarini.

Shangazi yako, Bi Majivu