Vidonge Ulivyovificha Ukweni

Dada Goreti,

Nimechoka leo, usitegemee maandishi mazuri. Vidonge vya jioni vinanilegeza mapema, unavijua mwenyewe. Niko Muyinga siku hizi, nashona nguo sokoni. Kuna mwanaume anataka kunioa. Anaitwa Juvenali, fundi baiskeli, mpole mpaka wakati mwingine ananikera.

Usicheke.

Shangazi alikuja kutoka Nyarusange na maneno yaleyale aliyokupa wewe: "Kifafa hakitajwi kabla ya harusi. Ukishatolewa ndani, ukawazoea, ndiyo utasema." Na wewe ulimtii. Bibi arusi akiwekwa ndani siku za kwanza za ndoa, mama mkwe hamwachi hata kidogo, ungemezea wapi? Vidonge vikabaki mfukoni, chini ya nguo. Ukajifariji kwamba ugonjwa wa kambi ya wakimbizi utabaki kambini, Tanzania, na sisi tumesharudi kwetu Burundi. Daktari wa kule alituonya sote wawili: msikatishe dawa ghafla, hata mkijiona wazima.

Walipokutoa ndani kwa sherehe, ukashuka bondeni kuchota maji, peke yako. Kifafa kikakuangusha humo, hukuinuka tena, kwenye maji ya magotini, dada. Ya magotini! Wakwe zako walilia wakisema wangejua wasingekuacha uende bila mtu. Bado nawakasirikia, na hawakuwa na kosa.

Mimi naishi kwa kujilinda, na kujilinda kunachosha. Nikioga sifungi komeo. Sikai karibu na mafiga nikiwa peke yangu. Kwenye misiba sikeshi, wananiita mvivu. Ninayeshona naye nimemfundisha: nikianguka aondoe mkasi na cherehani, anilaze ubavu, asinitie kijiko mdomoni, na ikipita dakika tano atafute gari la kunipeleka hospitali. Akihama, nianze upya na mwingine.

Jumapili nikamwambia Juvenali, mbele ya mama yake, huku shangazi akinikanyaga mguu chini ya meza. Juvenali akasema, "Mi sina shida. We unionyeshe tu ntakusaidia namna gani." Mama yake akauliza, "Na watoto je, itawashika nabo?" Nikamjibu kwamba wengine hupata, wengi hawapati. Wakaenda kushauriana. Shangazi alipanda gari la Gitega kurudi kwao bila kuniaga.

Mpaka leo hawajarudi na jibu. Nampenda yule mtu, nakwambia wazi, na kumngoja kumenimaliza nguvu.

Wakikubali, nitameza dawa mbele ya mama mkwe, nikiwa ndani na kitenge changu kichwani, anitazame atakavyo. Wakikataa nitalia sana, halafu nitameza vilevile, nilale.

Pumzika, dada yangu. Nakupenda, na bado nimekukasirikia. Ahadi yangu kwako ni hii: sitakatisha dawa kwa ajili ya harusi ya mtu yeyote, hata yangu.

Mdogo wako,
Imakulata