Huku Juu kwa Mke Mwenzangu

Milimani Usambara,
siku ya nne tangu barabara ifunguliwe.

Kwako dada yangu Raya,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yake mkononi. Goti lake linasemaje? Na wewe kifua kimetulia, au bado unakohoa ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi, nnakuandikia nimejitanda kanga tatu juu ya sweta la shemegi yako.

Mliponiaga bandarini mlinituma nipatazame mahali, nikiona panakalika niandike mje, maana foleni ya mchele na unga huko mjini mmechoka nayo na mama hawezi tena kusimama. Miezi mitatu sijawajibu. Najua umenuna. Nitakueleza sababu, na usinicheke.

Sababu ni wivu. Tangu posa nilijua kuwa Makame ana mke huku anakopasua mbao, na sikumjali. Nilimfikiria mtu wa porini, mguu peku, hata kukuna nazi hajui. Nazi kweli hajui. Mengine yote anayajua. Anaitwa Mama Zaina, makamo yako, mrefu, na mikono yake mikubwa kama ya mwanamume.

Siku ile ya kwanza Makame akanitembeza. Migomba hii kapanda Mama Zaina. Magimbi yale ya Mama Zaina. Hata shimo la choo kalichimba yeye. Nikamuuliza, "Na wewe umefanya nini?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nikasema nami nitajitegemea. Unaikumbuka ile miche minne ya minazi aliyonipa shangazi wa Paje? Nimeipakata tangu Tanga, ndani ya lori, watu wananitazama. Nikaipanda mbele ya mlango wangu. Mama Zaina akaja akasimama, akasema taratibu, "Mwenzangu, huku haishiki. Baridi." Nikamjibu, "Kwetu inaota kwenye mchanga mtupu, itashindwa na udongo mweusi huu?" Nilijua ananionea kijicho. Haukwisha mwezi ikakauka yote, nikaamka alfajiri kuing'oa ili asinione. Akaniona.

Nikataka na jiko langu, mbali na lake. Nikajaza chumba: gunia la mchele, unga, mafuta ya taa, viberiti, vyote nimevipanga sakafuni kama tunavyopanga kwetu ghorofani. Yeye mahindi yake yako kwenye dari ya fito juu ya meko, moshi unayapiga kutwa, na moto wenyewe hauzimwi kamwe. Nikamwona mchafu. Nikakaa nikawaandikia barua kuwa maji hakuna, ardhi mbovu, watu wachoyo, msije. Uongo mtupu, Raya. Maji yanashuka kwenye mfereji mpaka chini ya migomba, kila nyumba na zamu yake. Ila niliogopa mama akija atamtazama mwenzangu, halafu atanitazama mimi, atikise kichwa kile unachokijua. Barua nikaiweka nisubiri lori.

Lori halikuja. Mvua ilinyesha mpaka mlima ukaporomoka ukafunika njia, tukakaa siku tisa hatuna wa kupanda wala wa kushuka. Makame alikuwa ameteremka Korogwe na mbao, akakwama huko. Duka la hapa, nalo ni moja tu, likaisha chumvi, likaisha sabuni, mwenyewe akafunga mlango akaenda kulala. Ukungu ukaingia mpaka chumbani. Siku ya tano nafungua gunia, mchele umeota kuvu, unanuka. Unga umegandamana. Viberiti nimevikwangua boksi zima, hata cheche moja haikutoka.

Tangu asubuhi mpaka alasiri nilikaa juu ya kinu, njaa inaniuma, nnasikia harufu ya maharage yake. Nilijiambia bora nife. Alasiri ilipoingia nikaona kufa nako ni kazi, nikachukua kigae nikaenda kuomba moto.

"Hodi."

"Karibu, mwenzangu. Pita ndani, unalowa."

"Sikai. Nataka kaa la moto tu."

"Na mvua hii litazimika hapo uani. Kaa ule kwanza."

"Nshakula."

"Umekula nini?"

Nikatazama chungu chake. Akapakua bila kunitazama, akageuka kuchochea kuni ili nile kwa nafasi. Nikala sahani mbili, dada, machozi yananitoka kwa hasira, maana maharage yalikuwa matamu na hayana hata tone la tui.

Nilipomaliza akaniuliza, "Mama yako mbona haji? Makame kaniambia mguu unamsumbua. Chumba hiki cha pembeni kinapata joto la meko, nshakisafisha tangu wiki uliyofika wewe." Nikatazama, kweli, kitanda kimetandikwa. Kwangu mimi, mwanawe wa kumzaa, hapakuwa na hata mkeka wake. Ile barua nikaitia kwenye moto wake siku ya pili. Akauliza karatasi gani hiyo, nikasema ya dukani.

Sasa nnakwambia kweli. Panakalika. Lori likikatika mwezi mzima hapa watu wanakula. Mkipata ruhusa ya kusafiri njooni kabla ya baridi kubwa. Chukueni chumvi nyingi na papa mkavu, na blanketi la mama. Hospitali ni mbali, hilo mlijue, na nazi msahau. Mchele msibebe.

Lakini wivu haujaniisha, usidhani. Makame aliporudi, tope mpaka magotini, alipitia kwa Mama Zaina kwanza kumuuliza hali, na ilikuwa zamu yangu. Nikamwekea chai baridi. Na hivi ninavyoandika mwenzangu yuko nje anamchagulia mama maharage laini, nami roho inaniuma kama nimeibiwa.

Nisalimie mjomba wa Kiembe Samaki na mkewe, shangazi wa Paje, na jirani yetu wa chini anayetushikia nafasi kwenye foleni. Mwambie Mungu amlipe.

Na jambo moja, dada, umweleze mama njiani, nyinyi wawili tu. Yeye kila anayemtunza humwita mwanangu. Huyu atamtunza, hilo sina shaka nalo. Basi amwite, ana haki yake. Ila asimwite nikiwa nasikia. Asubiri nimekwenda mferejini.

Mdogo wako,
Asha