Pasi Isiyokuwamo Kitabuni

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta buheri wa afya, na kwamba lile goti lililokusumbua ulipotutembelea limepoa. Sisi tu wazima, kwa kadiri watu wanavyoweza kuwa wazima baada ya haya nitakayokueleza. Mama, dada yako, bado anashona, ingawa siku hizi Kifaranga, kitinda mimba wetu, ndiye anayemtungia uzi.

Kwanza nikushukuru tena kwa ile riwaya ya kale ya mabinti watatu uliyotuachia mwaka jana. Nakumbuka maneno yako ulipoitia mkononi mwangu, dada akiwa kando yetu na mkono wake umefungwa plasta: "Wewe uliyesoma, msomee dada yako. Yule binti mkubwa atamfundisha subira." Niliahidi. Nimehitimu shahada ya fasihi, Mama Mdogo, na nilitaka kazi yangu ya kwanza baada ya chuo iwe hiyo: kumsomea mtu aliyeacha shule darasa la tatu, akakaa kwenye cherehani, ili mimi nisiiache.

Basi kila alasiri dada alikuja kwetu akapiga pasi nguo za wateja, Kifaranga akishona vifungo, nami nikisoma kwa sauti. Dada alisikiliza kwa mwili mzima. Binti wa kati alipozabwa kofi na shangazi yake, dada aliigonga meza: "Mrudishie! Mrudishie, zuzu wewe!" Tulicheka mpaka Mama akatutishia kwa futi ya kupimia.

Tukafika sura ya kumi na tisa. Humo, kama ukumbukavyo, mume wa binti mkubwa anampiga kwa mkanda mpaka damu inayachafua mashati aliyokuwa akiyanyoosha; binti anapiga magoti, anaomba radhi, na mwandishi anamsifu kurasa mbili nzima. Niliinua macho nikamwona dada: shingoni alama za vidole, mbichi. Nikashindwa. Niliendelea kutamka kama mtu anayesoma, lakini niliyoyatamka hayakuwamo kitabuni. Nilisema binti aliinyanyua pasi ya moto, akampiga nayo mumewe, na tangu siku hiyo hakuna mkono uliomgusa tena.

"Rudia hapo," dada akasema.

Nikarudia.

Alhamisi iliyofuata shemeji alituingilia tukiwa kazini. Unamjua: fundi magari, vidole kama spana. "Nyumbani hakuna hata maji ya kuoga, wewe umekaa huku unahadithiwa kama mtoto wa chekechea?" Dada akaomba amalize shati moja tu. Shemeji akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye cherehani. Mara ya pili nilisikia jino likivunjika. Mama alipiga mayowe. Mimi, na shahada yangu, nilisimama kitabu mkononi. Kifaranga peke yake ndiye aliyemrukia, akamng'ata begani, naye akatupwa kabatini kama furushi la vitambaa. Shemeji akamfuata kwa mateke, teke la mbavu juu ya teke la mbavu. Ndipo dada, damu ikimtoka puani, alipoishika pasi ya mkaa kwa mikono miwili, akampiga nayo shavuni. Makaa yakamwagika. Shemeji akaanguka, dada akampiga tena. Harufu ile ingali ukutani, ingawa tumepaka chokaa.

Hakufa. Jicho la kushoto limekwenda, na taya limefungwa kwa waya. Dada alilala mahabusu siku tisa; sasa yuko nje kwa dhamana, na kesi ya kujeruhi itasikilizwa tarehe ishirini na sita. Ndugu wa shemeji wamemtuma mtu: wako tayari kuyamaliza nje ya mahakama, iwapo dada atarudi kwa mumewe na kumpigia magoti mbele yao.

Niliona ni mimi niliyemkabidhi ile pasi. Jana nikamwendea nikamwambia, "Dada, nilikudanganya. Kitabuni binti hakumpiga. Alipiga magoti."

Hakuinua hata uso. "Najua."

"Umejuaje, nawe husomi?"

"Ukisoma, macho yako hutembea, yakifika mwisho yanarudi. Siku ile yalisimama palepale, mdomo ukaenda peke yake. Nikajua hayo ni yako." Akacheka, akiliziba pengo la jino kwa kiganja. "Ya kitabu nisingeyaamini, Msomi. Kitabu kinanijua mimi?"

Nafika kwenye ombi langu, Mama Mdogo, na nakuomba radhi mapema, maana mtoto hamfundishi mzazi. Wakili anasema mahakama itauliza kama dada alikuwa akipigwa kabla ya siku ile. Sisi wa nyumba hii tutaonekana tunambeba ndugu yetu. Wewe ndiye uliyempeleka hospitali alipovunjwa mkono. Wewe ndiye uliyemwambia daktari kwamba aliteleza bafuni, na cheti kilichoandikwa hivyo unacho. Najua ulikuwa ukisitiri aibu ya nyumba. Lakini mimi nilisoma yasiyokuwamo, nawe uliandikisha yasiyotokea. Yangu nimekwisha kuyakiri, na sijafa.

Nilimuuliza dada kama ana neno la kukuandikia. Akasema: "Mwambie kitabu chake tumekimaliza. Aje akichukue, na cheti aje nacho. Kama hawezi kusema, basi asiniletee kitabu kingine."

Mama anakusalimu; tangu asubuhi amekwisha kukutandikia kitanda, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba unakuja. Kifaranga anakusalimu pia, akiwa bado amefungwa mbavu. Utusalimie Baba Mdogo na wale mapacha.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu kabla ya tarehe ishirini na sita.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukungoja,
Msomi