Shimo Chini ya Mkorosho

Jumatano jioni, Chilangala

Mama mkwe kachimba shimo. Si kubwa. Lipo chini ya mkorosho, kando ya pale tulipozika kitovu cha mwanangu Salma.

Ni yeye aliyegundua uvimbe tumboni mwa Salma, akimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Ulikuwa unateleza chini ya vidole vyake. Akasema ni pacha aliyekataa kutoka, akawa anamsemesha huyo pacha kila asubuhi. Salma alipoanza kutapika nyongo ndipo tukakimbilia hospitali Masasi.

Daktari alisema ni kifuko cha utumbo alichozaliwa nacho, jambo la nadra. Wakakitoa. Ndani kilikuwa na ngozi kama ile ya ndani ya tumbo la chakula, kinatengeneza majimaji ya kusaga chakula. Chakula gani, sikuuliza.

Kifuko kimebaki maabara. Leo mama mkwe kaniuliza tena, "Mama Salma, mwenzake mtamleta lini tumzike?" Nikamjibu vibaya. Sijawahi kumjibu vile.

Salma anapona, ananyonya vizuri. Basi nikaenda kulifukia lile shimo, nimechoka na mambo haya. Nikashindwa kumwaga udongo. Nikapiga magoti, nikakamua kwanza maziwa yangu kidogo mle ndani.