Mafundi Wananiita Mama Na Mimi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijakosana kabisa na mdogo wangu wa tumbo moja. Mume wangu, fundi cherehani, alifariki mwaka jana akaniachia kiwanja na ramani ya nyumba tuliyoipanga pamoja, yeye akiongea na pini mdomoni, na dirisha la jiko alisema lishushwe kidogo kwa sababu alijua napenda kumenya viazi nikiwa nimekaa, basi baada ya msiba nikasema nitaijenga hivyo hivyo. Kiwanja cha pili ni cha mdogo wangu na mumewe, tukachukua mkandarasi mmoja, kila mtu na mkataba wake wa bei isiyobadilika, kuanzia msingi mpaka kukabidhiwa funguo.

Shida ilianza kuta zilipofika usawa wa madirisha. Nilikwenda nikakuta dirisha la sebule ya mdogo wangu ni pana, na shemeji amesimama pale, mkono mmoja kiunoni, anamwonyesha mkewe jua litakapoingilia, moyo ukanichoma, nikamwita mkandarasi nikamwambia, "Na mimi niwekee kama hilo." Akasema, "Sawa, mama." Bei sikuuliza, kwa sababu shemeji alikuwa anasikia na sikutaka aone mjane anahesabu sarafu. Baadaye wakazungusha baraza mpaka ubavuni, nikasema na mimi. Wakaweka tao juu ya mlango, na mimi. Siku moja nikamsikia kibarua akimwambia mwenzake, "Shuka, Mama Na Mimi anakuja, leo sijui ameona nini huko," wakacheka, nami nikajifanya nakung'uta mchanga kwenye kiatu.

Sasa mkandarasi amesimamisha kazi kwangu kabla ya kuezeka. Anataka nyongeza ya dirisha, baraza na tao, tena ya mwamba alioukuta kwenye msingi, tena ya saruji iliyopanda bei. Nikamwambia, "Si tulikubaliana bei moja?" Akajibu, "Bei ni moja, mama, ila nyumba zimekuwa mbili. Ya kwenye ramani, na hii unayoniagiza."

Mdogo wangu aliposikia akasema, "Dada, mwache baba watoto aongee na mkandarasi, yule anamwogopa." Nikamwambia aondoke na baba watoto wake. Tangu hapo hatusemeshani. Wao wanaezeka, nasikia nyundo zao na ninaumia. Nimefikiria kuuza cherehani ya marehemu ili yangu iezekwe kabla wao hawajahamia. Nifanyeje?

Mjane, kiwanja cha kushoto

*

Dada wa kushoto, pole sana. Ipokee pole hiyo vizuri, maana sasa nitakugombeza.

Mkataba wa bei isiyobadilika unafunga bei ya ramani uliyotia sahihi. Haufungi bei ya kila unachokiona kwa jirani. Dirisha, baraza na tao uliviagiza kwa mdomo wako, kwa hiyo usijifanye umeibiwa. Ila naye alikosea kushika mwiko wa kujengea kabla ya kukuandikia bei, na hapo ndipo pa kupatania. Ambacho hakijajengwa, kifute. Saruji kupanda ni mzigo wake, labda mkataba wako useme vingine; ndiyo maana ya kukubali bei moja. Mwamba ndio wa kuuliza. Soma mkataba unasemaje kuhusu ardhi, kisha muulize mdogo wako. Misingi yenu imepakana. Kama kwake kulikuwa na mwamba na hakudaiwa, wewe unadaiwa kwa lipi? Ulikuwa na shahidi mlango wa pili ukamnunia.

Na tuseme ukweli, dirisha hulionei wivu. Unamwonea wivu mdogo wako kwa yule mtu aliyesimama naye pale akimwonyesha jua. Huo ni uchungu, sikulaumu, lakini hakuna mkandarasi anayeweza kuujengea. Ulipokuwa unapima baraza la wenzako, ulikwenda hata mara moja kuangalia kama dirisha la jiko limeshushwa? Nenda kaangalie kabla hawajapiga plasta.

Cherehani usiuze. Usitoe hata senti mpaka akuandikie kila nyongeza peke yake, sababu yake na bei yake, mkae mjadili moja moja. Kuanzia leo badiliko lolote, hata la kitasa, liandikwe na nyote wawili mtie sahihi kwanza.

Halafu vuka mpaka ukamwone mdogo wako. Kukataa kusemewa na mumewe ulikuwa na haki, kumfukuza hukuwa nayo. Mwombe yeye mwenyewe aje akae kando yako siku ya kikao. Utakayeongea ni wewe. Akianza kukuingilia maneno, mkanyage mguu chini ya meza, wewe ndiye mkubwa wake.