Ufagio Nyuma ya Mlango

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo, Bibi. Mwalimu wetu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi ametutaka kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali, kisha barua zibandikwe ukutani wazazi wazisome. Kwa hiyo watu wa hapa Wembley watayasoma haya kabla yako; jioni ndipo Mama atakutumia picha ya barua kwa simu. Usijali, sijaandika lolote kuhusu kukoroma.

Chumba chako bado kinanukia udi. Tangu urudi Unguja, mimi ndiye ninayelala humo. Mama anasema nimekihamia. Mimi nasema ninakulindia.

Unakumbuka jioni ile nilipokuja jikoni na kazi ya shule kuhusu Wamarekani wa mwanzo kwenda angani? Nilidhani utaniitikia tu kwa upole. Ukaweka kisu chini, ukacheka. "Huyo wa kwanza wao kuizunguka dunia mbona twamjua. Mama yangu alikataa kufagia nyumba kwa ajili yake."

Ndipo nikajua kwamba Wamarekani walikuwa na kituo kule Tunguu, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia, ili sauti ya msafiri ikipotea katika kituo kimoja isikike katika kingine. Baba yako alikuwa dereva, akiwapeleka mafundi kazini. Siku aliyosikia kwamba safari ni leo, alimwambia mama yako, naye akauliza jambo ambalo halimo katika kitabu changu chochote.

"Kwao wanajua kuwa msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka afike?"

"Ntajuaje mie? Wamarekani hao!"

"Basi mwiko tutamshikia sisi."

Ufagio ukawekwa nyuma ya mlango. Lakini safari ikaahirishwa, mara mawingu, mara hitilafu, na kila ilipotangazwa upya, ufagio ulirudi nyuma ya mlango. Uliniigizia mama yako, mikono kiunoni: "Huyu mtu aenda au haendi? Nyumba yangu imeshakuwa ufukwe!"

Mwishowe akaenda kweli. Jua likikaribia kuzama, baba yako alisimama kando ya gari akatazama juu, ingawa aliambiwa hataona kitu. Asubuhi yake akaleta habari mlangoni: "Keshafika. Kaangukia baharini, wamemwokota mzima." Mama yako akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Haya, fagieni." Ulifagia kwa furaha hata vumbi likaingia kwa jirani, naye akaja kugomba.

Niliyasimulia hayo darasani, na hata wale ambao husinzia walicheka. Kisha nikaeleza yaliyofuata, kama kitabu kinavyosema. Hawakuamka siku moja wakaenda mwezini. Kwanza mtu mmoja alirushwa juu akashuka, safari fupi kuliko kipindi cha hesabu. Halafu ndipo wakaizunguka dunia, bado mmoja mmoja, katika vyombo vya Mercury. Vikaja vya Gemini, watu wawili wawili, na humo wakajifunza kutoka nje wakielea, kukaa siku nyingi, na kukikuta chombo kingine hukohuko juu na kushikamana nacho. Ndipo wakaja watatu wa Apollo. Hata hao waliuzunguka mwezi kwanza wakarudi, kabla wengine hawajathubutu kuukanyaga.

Nilipokusomea hayo wewe ulisema, "Kama mie na basi la Harrow."

Ni kweli, Bibi! Ulipofika London ulikwenda duka la pembeni ukarudi, basi. Halafu tulipanda basi pamoja, tukaenda hadi mwisho wa njia na kurudi bila kushuka, wewe ukiishika mkono wangu kana kwamba mimi ndiye ninayeogopa. Halafu nikakufundisha kubonyeza kengele. Mpaka ikafika siku ya kwenda peke yako kwa Bi Kusum kule Harrow, rafiki yako aliyezaliwa Mkunazini, kwenu Unguja, ambaye bado anakutania kwa Kiswahili cha mjini.

Mimi nilibaki nyumbani na simu.

"Nimepita Kenton!"

"Bibi, usipige kelele, basi zima linakusikia."

"Si wewe kituo changu? Sikia!"

Mama akarudi kutoka kazini hospitali, kachoka, na jambo la kwanza akavuta mashine ya kufagilia. Nikaikalia. "Bibi hajafika!" Mama akaangalia makombo kwenye zulia, akaniangalia mimi, kisha naye akakaa. Tukangoja pamoja, koti lake likiwa bado mwilini. Simu ilipolia, alikuwa Bi Kusum: "Mzigo wenu umefika. Umeangukia kwenye kochi langu, mzima." Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Sijui kama nilikwishawahi kukwambia hivyo.

Sasa sikia yangu.

Shule imenichagua kwenda kambi ya wanafunzi wanaopenda mambo ya anga, wiki nzima, kule Wales milimani, ambako hakuna taa za mji na nyota zinaonekana zote. Nafasi ni moja tu kwa darasa letu. Nimeitaka safari hii, Bibi, kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini Mama alikataa. "Hujawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja," alisema, "na hao watu siwajui."

Sikubishana. Wewe ulinifundisha kwamba "hapana" ya Mama haisogezwi kwa kelele. Nilimwambia mara moja tu kwamba mwalimu anangoja jibu mpaka Ijumaa, baada ya hapo nafasi atapewa mwingine. Nikaendelea kuosha vyombo na kuomba dua.

Alhamisi Mama aliingia jikoni, akaanza kupanguza sahani nilizoosha. Alipanguza sahani moja muda mrefu sana.

"Hilo basi la shule litasimama wapi na wapi njiani?"

Nikamtajia.

"Kila likisimama, unipigie."

"Ndiyo, Mama."

"Na useme kwa sauti. Basi zima likusikie."

Bibi, hayo ni maneno yetu ya simu siku ya Harrow, na Mama hakuwapo tulipoyasema. Sijui kama wewe ulimpigia simu kabla. Nadhani ulimpigia.

Tunaondoka Jumatatu asubuhi. Jana nilikuwa natafuta begi kabatini nikaona mashine ya kufagilia haipo mahali pake. Mama, ambaye hawezi kuvumilia kombo moja, ameshaipeleka chumbani kwako, nyuma ya mlango, akaifunika kwa kanga yako ya zambarau. Na mimi hata sijaondoka!

Nina ombi moja tu. Jumatatu, ukishanywa chai, na wewe uweke ufagio nyuma ya mlango. Mchanga ukijaa, ujae. Nikifika, nitampigia Mama, na Mama atakupigia wewe, kituo kwa kituo. Ukisikia tu "keshafika", uchukue ufagio, Bibi, ufagie kwa nguvu zako zote, hata jirani aje kugomba.

Nakushika miguu, na nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi, mjukuu wako,
aliyekuwa kituo chako, na sasa ni msafiri wako