Pendekezo la Nasike, Mara ya Tatu

KAMATI YA MASOMO YA UZAMILI, IDARA YA AFYA YA JAMII
Kumbukumbu za kikao cha Jumanne, 11 Machi 2025, chumba cha mikutano, chuoni Kisumu.

WALIOHUDHURIA: Prof. Awuor Achola (mwenyekiti), Dkt. Tom Oluoch na Dkt. Mathews Wechuli (wasimamizi wa utafiti), Bw. Griffin Shitanda (katibu, hana kura).
ALIYEKOSA: Dkt. Wakhisi (hakutuma udhuru, ingawa gari lake lilikuwa nje).

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Sala ilikuwa fupi. Mwenyekiti aliwasihi wanachama wasirudie maneno ya kikao kilichopita.

KUMB. NA. 2/3/2025: PENDEKEZO LA BI. NASIKE
Katibu alikumbusha kwamba mwanafunzi huyu anataka kuchunguza kwa nini akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, Port Victoria huchelewa kwenda hospitali. Usajili wake unakwisha Ijumaa. Asipopitishwa leo, anarudi nyumbani bila shahada.

Dkt. Oluoch alisema ukweli ni mmoja na hupimwa. Ni hojaji kwa wanawake mia tatu, basi. Dkt. Wechuli alijibu kwamba ugonjwa una maana kwa anayeugua, na maana haitiwi alama kwenye kisanduku. Aketi na mama sita, awasikilize. Ilibainika kwamba pendekezo la kwanza, la kusikiliza, lilirudishwa na Dkt. Oluoch, na la pili, la hojaji, na Dkt. Wechuli. Hili la tatu lina yote mawili.

"Hii ni sahani ya nyoyo, Prof," alisema Dkt. Oluoch. "Mahindi na maharagwe kwa sufuria moja."

Mwenyekiti alisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Madaktari wote wawili waliitikia kwa kichwa, kila mmoja akimtazama mwenzake.

KUMB. NA. 3/3/2025: MAHOJIANO
Bi. Nasike aliitwa ndani. Dkt. Wechuli alimuuliza, "Achana na sisi. Wewe mwenyewe unaamini ukweli unapatikana wapi?"

Aliwatazama madaktari wote wawili kwa zamu. "Mimi naamini ile njia mtapitisha, Daktari."

Hakuna aliyecheka. Aliombwa asubiri nje.

KUMB. NA. 4/3/2025: UAMUZI
Kwa mara ya kwanza tangu katibu apewe kazi hii, Dkt. Oluoch na Dkt. Wechuli walikubaliana: mwanafunzi hana msimamo, na asiye na msimamo hawezi kubuni utafiti. Mwenyekiti alisema, "Lakini si ni sisi tulimnyang'anya huo msimamo?" Pendekezo lilikataliwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Katibu aliumia moyoni na anaomba hilo libaki kwenye kumbukumbu.

Katibu aliagizwa kumwarifu. Alimkuta Bi. Nasike mlangoni, kalamu mkononi, karatasi tayari. Kabla hajaambiwa lolote, aliuliza, "Wamesema nibadilishe wapi?"

Wanachama waliondoka saa sita kasorobo, kila mtu kivyake.

Mwenyekiti: ........................ Tarehe: ............
Katibu: G. Shitanda Tarehe: 11/3/2025